Amana ya Kivuli

Katika daftari ya mali ya halmashauri ya mji wo wote huandikwa meza, viti, magari, mizani ya sokoni, na aghalabu hata kabati lililopotewa na ufunguo wake. Mti ulio kando ya barabara ni nadra kuandikwa. Meza iliyonunuliwa mwaka jana ina nambari iliyopigwa rangi mguuni. Mwembe uliopandwa kabla ya mji kuwa na halmashauri hauna nambari, hauna thamani iliyokadiriwa, wala hauna mtu atakayeulizwa siku utakapokosekana. Jambo hili laonekana kuwa dogo, la makarani na vitabu vyao. Lakini ndani yake limo swali ambalo karani hawezi kulijibu: kitu kilicho hai, kilichoachwa na watu waliokwisha kufa kwa ajili ya watu waliokuwa bado kuzaliwa, ni mali ya nani? Na wale wakitunzao leo, wanakitunza kwa haki gani, na mamlaka yao yana mpaka gani?

Swali hili laweza kuulizwa po pote penye mji na miti. Tabora lina uzito wake wa pekee, kwa sababu mji huu ulizaliwa na njia, na njia ile haikuwa ya heri kwa wote walioipita. Katikati ya karne ya 19 wafanya biashara wa pwani na wa Omani walijenga tembe zao Kazeh, katika nchi ya Unyanyembe, mahali ambapo njia itokayo Bagamoyo iligawanyika: mkono mmoja ulielekea magharibi mpaka Ujiji, na mwingine kaskazini mpaka Karagwe na Buganda. Wanyamwezi walikuwa wameizoea safari ya pwani kabla ya wageni hao kuja kukaa kwao, na bila ya mabega yao biashara ile isingalikwenda hatua. Burton na Speke walipoingia Kazeh mwezi wa Novemba 1857 walikuwa katika siku ya 134 ya safari tangu kuondoka pwani. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, hesabu ya siku iligeuka kuwa hesabu ya saa. Lakini kwa muda wa vizazi viwili au vitatu kabla ya hapo, kila kilichokwenda na kila kilichorudi kilipimwa kwa nyayo.

Aisomaye historia ya njia hii kama historia ya wanadamu peke yao huikosa nusu yake. Punda walijaribiwa, wakafa kwa wingi kwa ugonjwa uletwao na ndorobo. Ng'ombe wa mizigo hawakuweza. Mwaka 1879 Leopold, mfalme wa Ubelgiji, aligharimia jaribio ambalo leo lasomeka kama hekaya: ndovu wanne waliofugwa waliletwa kutoka India, wakashushwa Msasani karibu na Dar es Salaam, wakaongozwa bara ili ionekane kama wanaweza kubeba mizigo mpaka Ziwa Tanganyika. Walikufa mmoja baada ya mwingine. Mmoja tu ndiye aliyefika Karema, naye hakudumu. Mtu akifikiri kidogo juu ya ndovu hao hatakosa kushangaa. Ndovu wa nchi waliuawa kwa ajili ya pembe zao. Ndovu wa ugenini walifishwa kwa uchovu. Na pembe za wale wa kwanza ziliendelea kwenda pwani juu ya mabega ya watu. Mnyama aliposhindwa kuwa mnyama wa mizigo, mtu alifanywa awe mnyama huyo. Wengine walikuwa wapagazi wa ujira, wenye fahari ya kazi yao na wenye kujua bei yao, waliochukua frasila mbili mbili wakiimba. Wengine walikuwa mateka, wasiokuwa na ujira wala wimbo. Ni lazima tofauti hii ikumbukwe, maana wako wasimulizi waichanganyao, wakawavunjia heshima wote wawili.

Katika njia hiyo ndiko ulikopandwa mwembe. Mwembe si mti wa miyombo. Asili yake ni India na nchi za jirani yake. Ulivuka bahari ukafika pwani ya Afrika ya Mashariki, na kutoka pwani ulifuata misafara. Mtu asafiriye leo kutoka Bagamoyo kwenda Mpwapwa, Tabora na Ujiji aweza kuijua njia ya kale kwa miembe mikubwa isimamayo mahali ambapo hapakutarajiwa mwembe. Masimulizi ya wengi yasema kwamba wapagazi na watumwa walikula maembe wakatupa kokwa, na kokwa zikaota zenyewe. Masimulizi haya yana utamu, na huenda yana ukweli wake katika mabonde yenye maji. Lakini kwa nchi ya Unyamwezi hayatoshi. Kokwa ya embe haivumilii kungoja. Ikikaushwa na jua kwa majuma machache hupoteza uhai wake. Mvua za Tabora huanza kwa kawaida mwezi wa Novemba na kwisha Aprili au Mei, na baada ya hapo huja kiangazi cha miezi mingi ambacho mche mchanga hauwezi kukivuka bila ya msaada. Mbuzi nao wapo. Miti iliyosimama kwa safu mbele ya lango la tembe haikujipanga yenyewe. Mtu alichimba shimo, mtu alizungushia miiba, na mtu alileta maji.

Ni mtu gani? Hapa ndipo penye uzito wote wa jambo hili.

Wazee wa miji ya njia hii walifundishwa, nao wakafundisha, kwamba apandaye mti, kisha mtu au ndege au mnyama akala katika matunda yake, huandikiwa sadaka isiyokatika maadamu mti wasimama. Ni mafundisho mazuri, na miti mingi ilipandwa kwa ajili yake. Basi adhaniwe tajiri mmoja wa Kazeh, mtu asiyehitaji jina kwa kuwa ni wa kudhaniwa tu. Ameketi barazani kwake asubuhi, ameona wasafiri wakifika wamechomwa na jua, moyo wake umeingiwa na huruma, naye ameamrisha kokwa ipandwe mbele ya lango. Nia yake ni njema. Baada ya kusema amerudi ndani kuangalia hesabu ya pembe. Mjakazi wa nyumba yake ndiye anayekwenda kisimani. Huenda kiangazi cha kwanza, na cha pili, na cha tatu, akijitwika mtungi ambao sehemu yake ni ya jikoni na sehemu yake ni ya mche. Mti washika. Miaka mia na zaidi wapita, na mti bado una kivuli. Sadaka ile ni ya nani?

Sheria ya wakati ule ilikuwa na jibu jepesi: kazi ya mtumwa ni ya bwana wake, na kwa hiyo mti ni wake, kivuli ni chake, na thawabu ni yake. Ye yote asemaye leo kwamba miembe ya Tabora ni ukumbusho wa mabwana waliojenga mji, awe anaisifu au anailaani, bado anaitumia sheria hiyo bila ya kujua. Lakini sheria hiyo imekufa. Mwaka 1922 utumwa ulikomeshwa kisheria katika Tanganyika, na kabla ya kukomeshwa kisheria ulikuwa umekwisha kushindwa katika hoja. Msingi ukivunjika, nyumba iliyojengwa juu yake haiwezi kuendelea kudaiwa kodi. Ikiwa bwana hakuwa na haki juu ya mikono ya mjakazi, basi hakuwa na haki juu ya maji yaliyoletwa na mikono ile, wala juu ya mti uliokuzwa na maji yale. Nia yake njema na ihesabiwe kwa kadiri yake. Mti ni wa aliyeubeba kichwani.

Wako watu ambao moyo wao huchukia kila kilichosalia cha njia ile, nao husema kwamba miti ya aibu na ikatwe, kama minyororo ilivyofunguliwa. Chuki yao ina heshima kuliko usahaulifu wa wale wapigao picha tu. Hata hivyo hoja yao haisimami. Mnyororo ulifuliwa kwa ajili ya kufunga, na kazi yake yote ni hiyo. Mwembe ulinyweshwa na mtu aliyefungwa, wala haukumfunga mtu. Zaidi ya hayo, yule mjakazi hakuacha barua, hakuacha nyumba, hakuacha kaburi lenye maandishi. Kazi nyingine zote alizozifanya zililiwa, zilivaliwa, zilichakaa, au ziliuzwa kwa jina la mwingine. Katika mji mzima uliojengwa kwa jasho lake, huenda mti ule ndio pekee uliobaki wa mikono yake. Kuukata kwa sababu ya bwana wake ni kumpa bwana ushindi wa mwisho.

Yule mjakazi hana warithi wanaojulikana. Wazao wake wamo mjini, wamechanganyika na wazao wa wapagazi, wa mabwana, wa askari, wa watumishi wa reli, hata hapana awezaye kusimama mahakamani akasema, mti huu ni wangu kwa urithi. Mali isiyo na mrithi aliye wazi ina hukumu mbili katika fikira za watu. Moja husema: basi ni ya serikali, na serikali ifanye ipendavyo. Ya pili husema: basi ni amana. Kati ya neno mali na neno amana pana bonde refu. Mwenye mali aweza kuiuza, kuila, au kuitupa, na hapana wa kumwuliza. Mwenye amana aweza kuitumia kwa namna iliyokusudiwa tu, na siku zote pana mtu nyuma yake, hata kama mtu huyo hayupo, hata kama amekufa, hata kama hajazaliwa. Halmashauri nyingi hufanya kazi kwa hukumu ya kwanza na kuhutubia kwa hukumu ya pili.

Njia hii hii ina mifano miwili ya namna ya kutunza mti, na inafaa kuilinganisha. Livingstone alikaa Kwihara, karibu na Tabora, mwaka 1872 mpaka mwezi wa Agosti, akingoja wapagazi; mwaka uliofuata alikufa katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia. Susi, Chuma na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti wa mpundu, na Jacob Wainwright akachora maneno katika gogo la mti huo. Kisha wakaubeba mwili mpaka pwani, wakipitia Kwihara. Mwaka 1899 mti ule ulikatwa, na kipande chenye maandishi kikapelekwa London kwa chama cha wanajiografia, na mahali pake pakajengwa mnara. Mfano wa pili uko Ujiji. Mwembe ambao inasemwa kwamba Stanley na Livingstone walikutana chini yake mwaka 1871 ulikwisha kufa zamani. Lakini penye kumbukumbu ya mkutano huo imesimama miembe inayosemwa kuwa ni uzao wake. London waliokoa maandishi, Ujiji waliokoa uzao. Hapana haja ya kumcheka ye yote kati ya hawa, kwani gogo lililolala katika kabati halina wadudu wala tufani, na mti ulio hai una vyote viwili. Lakini msafiri aliyechoka hawezi kuketi chini ya kipande cha gogo.

Iangaliwe pia kwamba miti hii miwili ilihurumiwa kwa sababu ya mgeni mashuhuri. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe katika orodha ya mahali inapokusudia kupaombea hadhi ya urithi wa dunia. Majengo na vituo vya njia hiyo vimetajwa na vinastahili kutajwa. Mwembe usiopata kuketiwa na Mzungu ye yote mwenye kitabu, ulio mbele ya duka la vipuri vya baiskeli, wamngoja nani aje kuuandikia sifa?

Sasa itazamwe hali ya mti huo katika utawala wa leo. Mwembe mmoja ulio kando ya barabara ya mjini una watawala wengi kuliko alivyokuwa nao mtumwa. Barabara za mitaa zimo mikononi mwa TARURA tangu mwaka 2017, na barabara kuu zimo mikononi mwa TANROADS. Mti ukiingia katika hifadhi ya barabara, wenye barabara waweza kuuondoa ili waipanue. Waya zikipita juu yake, TANESCO hukata matawi. Bomba likipita chini yake, mamlaka ya maji hukata mizizi. Mwenye kiwanja kilicho jirani hulalamika kwamba majani yaziba mfereji wake. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 yaipanga misitu kuwa ya taifa, ya serikali za mitaa, ya vijiji na ya watu binafsi. Lakini mti mmoja wa mjini si msitu, na afisa maliasili wa halmashauri ana wilaya nzima ya mkaa na magogo ya kuangalia kabla hajaufikia. Hivyo ndivyo ilivyo: wenye haki ya kukata ni wengi, na aliyeandikiwa wajibu wa kutunza hupatikana kwa taabu. Hapana mtu mbaya katika habari hii. Kila mmoja hufanya kazi yake kwa uaminifu, na mti hufa kwa uaminifu wao.

Wala mtetezi wa miti asiseme kana kwamba upande wa pili hauna neno. Mwembe mkubwa uliokwisha kuliwa moyo na mchwa ni hatari ya kweli. Tufani za kwanza za Novemba hazichagui. Tawi likianguka juu ya kibanda cha mama lishe, au juu ya mtoto atokaye shule, diwani hawezi kwenda msibani na hoja za falsafa ya kivuli. Halmashauri iliyoonywa juu ya tawi bovu ikanyamaza ina damu mkononi. Mti una haki, lakini hauna haki ya kuua, na kuupenda mti zaidi ya mtu apitaye chini yake ni kuugeuza kuwa sanamu. Basi swali si kama mti wa amana waweza kukatwa. Waweza. Swali ni namna gani mtu akomeshe amana pasipo kuivunja.

Jibu limekuwapo Unyamwezi na Usukuma tangu zamani, kwa wafugaji. Mwenye ng'ombe wengi huweka baadhi yao kwa jirani awatunze; jirani hunywa maziwa na hutumia mbolea, na ng'ombe hubaki wa mwenyewe. Ng'ombe akiugua na kufa, au akichinjwa kwa kuwa hapana tumaini, mtunzaji haondokei kusema tu kwamba amekufa. Hupeleka ngozi. Ngozi huonyesha alama, huonyesha ugonjwa, huonyesha kwamba mnyama hakuuzwa kwa siri mnadani. Ng'ombe hakufufuka kwa kupelekwa ngozi, lakini watu wawili waweza kuendelea kuaminiana. Mti wa mji hauna ngozi ya namna hiyo. Hukatwa Jumamosi, kuni huondoka kwa mkokoteni, na Jumatatu wapitao huona kisiki tu. Nani aliuona ugonjwa wake? Nani aliamua? Kuni ziliuzwa kwa nani, na fedha ziliingia wapi? Ingalitosha kwamba sababu iandikwe na kubandikwa penye ofisi ya mtaa siku kadhaa kabla ya shoka kuja, na kwamba mkutano wa mtaa usomewe habari za mti kama unavyosomewa mapato na matumizi. Hili halihitaji wafadhili.

Lililosemwa juu ya mti lina jamaa zake. Halmashauri ndiyo serikali iliyo karibu zaidi na viumbe wasiokuwa na kura: mbuzi wazururao, mbwa wasio na wenyewe, kunguru wa jaa, popo wa miembeni. Juu ya mbwa imezoeleka katika miji mingi kuwapiga risasi hofu ya kichaa cha mbwa ipandapo, ingawa chanjo huiondoa hatari ambayo risasi huiahirisha tu. Na tangu mwaka 2008 nchi inayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama, ambayo yatambua kwamba mnyama huona maumivu, na kwamba maumivu hayo ni jambo la serikali. Juu ya nyuki jambo ni chungu zaidi kwa Tabora. Mkoa huu ni mashuhuri kwa asali yake, na mji wake una chuo kinachofundisha ufugaji wa nyuki. Kundi la nyuki likiingia katika uwazi wa mwembe mzee karibu na njia ya watu, watu huogopa, nao wana haki ya kuogopa. Lakini kuliteketeza kwa moto kundi hilo katika mji wenye walimu wa kulihamisha ni aibu ya nyumba yenye maji kufa kwa kiu.

Na pana unafiki mmoja ambao haufai kupitwa kimya, ijapokuwa mzigo wake ni wa wengi. Halmashauri za mkoa huu, Urambo, Kaliua, Sikonge, Uyui, zimepata sehemu kubwa ya ushuru wao katika tumbaku, na tumbaku ya mvuke hukaushwa kwa kuni za miyombo. Siku ya sherehe kiongozi hupanda mche mmoja mbele ya wapiga picha. Siku nyingine zote hazina ya ofisi yake hujazwa na zao lililokula msitu. Mkulima si wa kulaumiwa, kwa maana hilo ndilo zao aliloonyeshwa na kununuliwa. Lakini asemaye juu ya miti katika Tabora asiseme juu ya mwembe wa lango peke yake akauacha msitu uliouzunguka mji.

Kwa miaka mingi kila halmashauri nchini imekuwa ikiagizwa kupanda miti 1,500,000 kwa mwaka. Ni agizo lenye nia njema kama ya yule tajiri wa Kazeh. Hesabu inayopelekwa juu ni ya miche iliyopandwa. Hesabu ya miti iliyokua ni ngumu zaidi kuhakikishwa. Kwa hiyo shimo moja laweza kupandwa miaka mitano mfululizo na kuhesabiwa mara tano, na hapo shimo hilo lina miti mitano kwenye karatasi na fito moja kavu kwenye ardhi.

Nairobi ilitoa mfano mwezi wa Novemba 2020. Mgumo mkubwa wa Westlands, unaokadiriwa kuwa na umri wa karne moja, ulikuwa uondolewe ili kupisha barabara ya juu. Watu walipiga kelele, na Rais Uhuru Kenyatta akatoa amri uhifadhiwe. Barabara ikajengwa na mti ukabaki. Wengi walishangilia, na furaha yao ilikuwa ya haki. Lakini mtu aulizaye kwa makini ataona jambo la kutia wasiwasi katika furaha ile. Mti mmoja ulihitaji mkuu wa dola ili uishi. Mti ulio mbali na mji mkuu, ulio mbali na kamera, hauna mkuu wa dola. Una diwani wa miaka mitano, mwenyekiti wa mtaa, na watu waketio chini yake wakingoja daladala. Ikiwa hao hawana mamlaka ya kusema ngoja, basi rehema ya juu haitawafikia ila kwa bahati.

Namna ya mche nayo ni jambo. Ofisi nyingi hupenda mwembe uliobebeshwa, kwa kuwa huzaa katika mwaka wa tatu au wa nne, huwa mfupi, na tunda lake lina soko. Mwembe wa kokwa huchelewa miaka sita, saba na zaidi, na fahari yake ya kivuli huja baada ya diwani aliyeupanda kutoka madarakani mara kadhaa. Mwembe uliobebeshwa wafaa shambani. Penye njia ya watu hautoshi. Msafiri haketi chini ya mti uliomfika begani. Wengine hupanda mijohoro na miarobaini kwa sababu haisumbuliwi sana na mbuzi wala ukame, na hilo si baya kwa mitaa isiyo na maji. Lakini kila mwembe wa kale unapokufa Tabora, na mahali pake pakapandwa kisichokuwa uzao wake, huwa umekatwa uzi ambao Ujiji walijua kuushika.

Mche upandwao Tabora kwa mvua za Desemba hupigwa picha na kuandikwa katika taarifa. Mvua hukoma Aprili au Mei. Mwaka wa fedha wa serikali hufungwa tarehe 30 Juni, na siku hiyo mche huhesabiwa kuwa umefaulu, kwa kuwa bado una majani. Kiangazi chake cha kwanza kinakuwa hakijafika nusu. Mtu atakayeleta ndoo ya maji mwezi wa Agosti, na wa Septemba, na wa Oktoba, kisha mwaka wa pili, kisha wa tatu, hana fungu katika makadirio ya halmashauri, kama vile yule mwenye mtungi alivyokuwa hana fungu katika daftari ya tembe.